Muuza mahamri aliyekosea Kiswahili kwa makusudi

Mafuta yamechemka. Concepta Kwamboka anadondosha kipande cha unga karaini, kinaibuka juu kikitoa mapovu, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini hatii mahamri bado. Anajifuta mikono kwa leso aliyojifunga kiunoni, anachukua chaki na kuuendea ubao mweusi ulioegemezwa kwenye nguzo ya kibanda chake.

Wateja wananyoosha shingo. Wengi wao ni wafanyakazi wa hoteli za Diani na Galu wanaosubiri gari la kuwapeleka kazini, vikombe vya chai mkononi. Mmoja anasoma kwa sauti kila sentensi inapokamilika.

“Twiga ana mifupa saba kwa shingo, sawasawa na wewe. Usijione mfupi.”

Wanacheka. Concepta anaendelea kuandika bila kugeuka.

“Mwaka 1582, watu wa Italia na Uhispania walilala tarehe nne Oktoba wakaamka tarehe kumi na tano, kwa sababu kalenda ilibadilishwa. Kwa hiyo ukichelewa kazini leo, wewe si wa kwanza.”

Mstari wa mwisho ni wake mwenyewe: “Wazo la leo: Mtu akikuuliza habari za nyumbani, usimjibu ukiwa umeshaondoka.”

Kabla hajarudi kwenye karai, mlango wa duka la ushonaji lililo jirani unafunguliwa. Anatoka mzee aliyevaa kofia ya vito iliyodariziwa, mguu wa kulia ukiburuta kidogo. Ni Abdurahman Mwero, fundi cherehani. Anaiegemeza bakora yake ukutani, anatoa chaki nyekundu mfukoni, ile ya kuchorea vitambaa, na kwa mkono wa kushoto anayakata maneno “kwa shingo”. Juu yake anaandika, herufi zikiinama kama zimepigwa na upepo: “shingoni”.

“Shikamoo, fundi,” Concepta anamwambia.

“Marahaba, Mama Ashley. Sasa nipe chai.”

Hivi ndivyo siku inavyoanza katika kichochoro hiki, hatua chache kutoka Kona ya Musa, mjini Ukunda, kaunti ya Kwale. Chai, uji wa wimbi, mahamri kwa mbaazi, na ubao wenye mambo matatu: moja la kushangaza, moja la kale, na wazo la mwenye kibanda.

Concepta, mama wa watoto wawili, hakuja Pwani kuuza mahamri. Alizaliwa Nyamira, akaacha shule kidato cha pili, na mwaka 2005 binamu yake akamwita Diani kwenye kazi ya kutandika vitanda hotelini. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na mitano.

“Nilikuwa nikiingia chumbani, mgeni ameondoka, ameacha kitabu kitandani,” anakumbuka. “Tulikuwa tunavipeleka ofisini. Lakini kwanza nilisoma ukurasa mmoja. Mmoja tu, kisha naendelea na mashuka. Ndiyo maana najua mambo mengi yasiyo na mwisho.”

Ugonjwa wa korona ulipofunga mahoteli, naye akafungiwa nje. Akiba ilipokwisha aliazima karai kwa jirani na kuanza kibanda. Leo, siku ikiwa nzuri, hubakiwa na kama shilingi mia nane baada ya kununua unga na mafuta. “Si nyingi,” asema, “lakini hakuna anayenipigia simu kuniambia nisije kesho.”

Ubao aliupata kwa mtu aliyekuwa akifunga shule ya chekechea. Alitaka kuandika bei za vyakula. Tatizo lilikuwa moja: siku ya kwanza alikuwa na vyakula viwili tu, chai na uji.

“Ubao ulikuwa mkubwa, vyakula viwili. Ulionekana kama uwanja wa mpira wenye wachezaji wawili,” anasema huku akigeuza mahamri. “Nikaona niujaze. Nikaandika: Pweza ana mioyo mitatu. Wewe una mmoja, uutunze.”

Watu walisimama kusoma. Waliosimama wakanunua chai. Kesho yake walirudi wakauliza, “Leo je?”

Mambo yake huyapata redioni, kwenye simu ya bintiye Ashley, na kwa wateja. Akiwa na shaka huuliza watu wawili wasiojuana. Ameandika kwamba Ngome ya Yesu ilikuwa gereza hadi mwaka 1958. Ameandika kuhusu asali isiyooza. Na mawazo yake mengine wateja huyanukuu mpaka kazini. “Ukitaka kumsalimia mtu wa Pwani, omba ruhusa kazini kwanza,” wazo moja liliwahi kusomeka, na Wadigo waliokuwa hapo ndio waliocheka zaidi.

Aliyeanza kutocheka alikuwa fundi wa jirani.

Concepta alikuwa ameandika kwamba mbega, yule tumbili mweusi kwa mweupe anayevuka barabara ya Diani kwa ngazi za kamba, “hana kidole ya gumba”. Adhuhuri ile Abdurahman alitoka dukani kwake, akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu, akatoa chaki ya kuchorea vitambaa, akafuta “ya”, akaandika “cha”.

“Nilimuuliza, mzee, wafanya nini?” anasimulia Concepta. “Akaniambia, ‘Mama Ashley, habari yako ni nzuri, lakini umeivisha nguo ya mtu mwingine.’”

Concepta alikasirika. Asubuhi iliyofuata fundi alipokuja kunywa uji, alimwambia uji umekwisha, na huku sufuria imejaa pomoni mbele ya macho yake.

“Nikamwambia, haya, mwanangu, ukipatikana uniite,” anasema Abdurahman, akicheka kwa upande mmoja wa uso. Maneno yake siku hizi hutoka polepole, moja baada ya jingine. “Nikaketi pale pale. Nikangoja.”

Uji ulipatikana. Na chaki nyekundu ikaendelea. Wateja wakaanza kubishana kabla Concepta hajamaliza kuandika: leo atasahihisha au hatasahihisha? Mwaka mmoja ukapita, wa pili ukapita, na nyekundu ikapungua. Kiswahili cha Concepta kikanyooka. Watu wapya wakamdhania mzaliwa wa Msambweni.

Ugomvi wao mkubwa haukuwa wa sarufi. Siku moja alikuwa ameandika mstari mmoja kuhusu kiwanda cha sukari cha Ramisi kilichofungwa miaka mingi iliyopita. Fundi alisoma, akarudi dukani bila kugusa ubao. Baadaye alikuja akiwa na uso mzito.

“Babangu alikata miwa kule,” alimwambia. “Umeandika kiwanda. Hukuandika watu. Hukuandika ile harufu, ukiwa mtoto unalala, unaota sukari.”

“Basi andika wewe,” Concepta alimjibu.

Akaandika. Alijaza ubao mzima kwa chaki nyekundu, na siku ile bei za vyakula hazikuonekana. Kanze, muuza mboga wa ng’ambo ya njia, alisoma akasema mamake aliwapikia vibarua wa kiwandani. Dereva mmoja akasema babu yake ndiye aliyeletwa kutoka bara kufanya kazi ya mashine. Chai ilichemshwa mara nyingi siku ile.

“Nilidhani historia ni ya watu waliokufa vitabuni,” asema Concepta. “Kumbe wengine wanakuja kwangu kununua mahamri.”

Kisha, mwaka jana, wiki chache baada ya Idi, duka la ushonaji halikufunguliwa.

Bi Mejumaa, mkewe fundi, ndiye aliyeleta habari. Abdurahman alikuwa amepata kiharusi usiku. Alilazwa hospitalini Msambweni, na aliporudi nyumbani mkono na mguu wa kulia vilikuwa havina nguvu. Ulimi pia. Daktari alisema sauti huenda ikarudi, lakini ajaribu kuzungumza kila siku. Yeye hakutaka kujaribu.

“Aliona haya,” anasema Bi Mejumaa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha. “Mume wangu ni mtu wa maneno. Sasa akitaka kusema ‘maji’, inatoka sauti nyingine. Akanyamaza kabisa. Wageni wakija anageukia ukutani.”

Concepta alikwenda kumtazama mara moja, akaona mgongo. Alirudi kibandani, akaandika ubao kama kawaida, akaupiga picha na kumtumia Bi Mejumaa kwenye simu ili amsomee mgonjwa. Alifanya hivyo kila asubuhi. Bi Mejumaa alisoma kila asubuhi. Fundi hakutikisika.

“Ndipo nikajiambia, mimi nami mjinga,” anasema Concepta. “Namwandikia Kiswahili safi. Afanye nini nacho? Ni kama kumpelekea fundi nguo ambayo haijapasuka.”

Siku iliyofuata akaandika: “Mvua ilinyesha mingi jana na kitabu yangu yote imelowa.”

Wateja walitazamana. Cliff, mhudumu wa mkahawa katika hoteli moja ya Galu, ambaye mwenyewe huzungumza Sheng tangu asubuhi mpaka jioni, ndiye wa kwanza kulalamika.

“Madam, leo umeamka aje?” alimuuliza. “Hii Kiswahili hata mimi imenishtua!”

Concepta hakueleza. Hakumwambia mtu, hata Ashley. Aliogopa habari ikimfikia fundi atajua ni mtego, naye ni mtu mwenye kiburi chake. Kila siku aliharibu zaidi. Ng’ombe wakawa “vinakula”, viti vikawa “zinavunjika”. Mwalimu mmoja mstaafu alimwomba kwa upole aufute ubao kwa sababu watoto huupita wakienda shule. Wengine walimcheka waziwazi, wakasema mama amerudi darasa la kwanza.

“Hapo niliumia,” anakiri. “Nimejifunza Kiswahili cha watu kwa jasho, mpaka nikaacha kuchekwa. Halafu nakivunja mwenyewe, na siwezi kujitetea. Nilikuwa naandika, nageuka haraka kwenye karai ili wasinione uso.”

Kwa siku kadhaa hapakuwa na jibu. Asubuhi moja akaamua kuandika vibaya kuliko siku zote. Aliandika: “Fundi yetu iko mgonjwa. Mungu aisaidie ipone haraka.”

Akapiga picha, akatuma, akaanza kusukuma unga.

Nyumbani kwa fundi, Bi Mejumaa aliisogeza simu karibu na macho akasoma kwa sauti. “Akageuka,” anasimulia. “Kwanza nilidhani anataka maji. Ananitazama kama nimemtia pilipili machoni. Nikarudia: fundi yetu. Akapiga godoro kwa ule mkono mzima. Nikarudia tena. Akasema, ‘Wetu!’”

Anajipangusa jicho kwa ncha ya leso, kisha anaangua kicheko.

“Hebu fikiria! Mimi nimemlisha uji kwa kijiko, nimemgeuza, nimemwogesha. Neno la kwanza asiniite mimi, asahihishe ubao!”

Alimpigia Concepta simu pale pale. Mikono ya Concepta ilikuwa na unga mpaka viwikoni, kwa hiyo Cliff ndiye aliyemshikia simu sikioni. Alichosikia ni Bi Mejumaa akipiga kelele, “Amesema! Mama Ashley, amesema!” na nyuma yake sauti nzito, iliyopinda, ikirudia neno lile lile.

“Nilikaa chini,” asema Concepta. “Mahamri yote ya siku ile yaliungua. Nikayagawa bure, na watu wakala. Nikawaeleza kila kitu. Yule mwalimu mstaafu alikuwapo. Akaniambia, ‘Basi kesho nami nitakuletea kosa.’”

Akaleta kweli. Wateja wakaanza kushindana kutafuta makosa ya kumchokoza fundi, na Concepta akawa akichagua lililo baya kuliko yote. Mhudumu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimtembelea mgonjwa aliposikia, alicheka, kisha akawahimiza wasiache. Kutoka neno moja fundi alifika mawili, kutoka mawili akafika kumgombeza Bi Mejumaa kwa kusoma haraka. Miezi ilipita kabla hajaweza kusimama. Siku alipotokeza kichochoroni na bakora yake, Kanze aliacha mboga zake bila mlinzi akaja kupiga vigelegele.

Fundi alikunywa chai yake. Aliusoma ubao kutoka juu mpaka chini, makosa manane.

“Ulinitesa,” alimwambia Concepta.

“Nisamehe, fundi.”

“Wallahi, lile la ng’ombe sitalisamehe.”

Mkono wa kulia haujarudi sawasawa. Suruali na mashati hushonwa na kijana aliyemwajiri, yeye akikata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Lakini kuna vazi moja ambalo hataki liguswe na mtu mwingine. Limetundikwa nyuma ya mlango wa duka, halijatiwa mikono bado: koti zito la rangi ya kahawia, lenye bitana.

Hapa Ukunda, hata kulitazama koti lile kunatoa jasho. Ni lake, la safari. Desemba hii, Mungu akipenda, Concepta atawachukua Abdurahman na Bi Mejumaa kwenda Nyamira kumwona mamake. Watapanda treni kutoka Mombasa, kisha basi. Daktari amekubali, mradi dawa zisisahauliwe. Fundi, mwenye umri wa miaka sitini na minne, hajawahi kuvuka Voi kwenda bara.

“Nimesikia kuna baridi ya kuuma masikio,” anasema. “Na majani ya chai, mlima mzima. Nimekunywa chai maisha yangu yote. Sijauona mti wake.”

Amejifunza salamu moja ya Kigusii, nayo huijaribu kwa kila mtu wa Kisii anayepita. Concepta asema si mbaya sana.

Anachoogopa yeye ni jambo jingine. Mamake ana miaka zaidi ya themanini, anapenda wageni na hanyamazi. Tayari amechagua kuku wa kuwachinjia.

“Lakini Kiswahili chake ni kile cha sokoni, alijifunza akiuza ndizi,” anasema Concepta, akiepua mahamri ya mwisho na kuyaacha yachuje mafuta. “Hana ngeli hata moja. Tulipanga kukaa siku tano. Fundi akianza kumsahihisha mama, sisi na Ukunda tutaonana mwakani.”