Siku Amplifaya ya Kwaya Ilipoacha Kuvuma

Fundi alikuwa na mazoea ya kunusa kila kifaa kabla hajakifungua. Wateja walimcheka, lakini yeye alishikilia kwamba pua yake haijawahi kumdanganya. Asubuhi hiyo, aliponyanyua kifuniko cha amplifaya ya kwaya kwenye jukwaa la ukumbi, ilimjia harufu ya samaki aliyesahaulika sufuriani. Kapasita zimevuja. Alikuwa akilisema jambo hilo kwa miaka saba, na sasa alicheka peke yake kama mtu aliyeokota pochi yake mwenyewe.

Miaka saba, maana mwenye kauli juu ya mashine hiyo alikuwa kaka yake, mwalimu wa kwaya, ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio. Huyo hakuhitaji kinanda. Aliinua mkono, akanyamaza kidogo, kisha akaitoa sauti ya kuanzia ikiwa sawasawa, na waimbaji wakaipokea. Lakini kila mara mdogo wake alipomwambia kwamba ule mvumo kwenye spika ni ugonjwa wa kutibika, Sikio alijifanya hamnazo. Machoni pake mwanamke huyu wa miaka hamsini na miwili, mwenye kibanda chake karibu na fundi cherehani, anayeletewa feni na televisheni kutoka mitaa minne, bado alikuwa mtoto aliyeifumua redio ya baba na kubakiwa na skrubu tatu mkononi. Juma hilo mvumo ulizidi hadi ukaumeza wimbo wa taratibu. Ndipo kaka akasalimu amri, kwa sharti moja: ikiharibika, mdogo wake asiguse tena chombo chake chochote maishani. Na saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo kwaya ingeimba nyimbo zake mpya mbele ya watu.

Kapasita zilikuwa mbili, kubwa kama makopo ya maziwa, kazi yake kuutuliza umeme kabla haujafika kwenye spika. Vichwa vilikuwa vimevimba na uchafu wa kahawia umechuruzika. Fundi aliumaliza kwanza umeme uliobaki ndani kwa kuzigusisha nyaya za balbu. Balbu ikamemeta mara moja, ikazimika. Akayeyusha risasi iliyozishikilia, akazing'oa, akasafisha ubao, akapandisha mpya. Upande wa hasi aliukagua mara tatu, kwa kuwa kapasita ikiwekwa kinyume hulipuka. Mara ya nne aliukagua kwa raha tu.

Kisha akaiunga mashine na umeme kupitia balbu nyingine, ili kama kuna kosa, balbu iwake na mashine isiungue. Akapiga moyo konde, akawasha. Balbu iling'aa kwa ukali, halafu ikafifia polepole hadi ukabaki wekundu mdogo. Nzima! Akaitoa balbu, akawasha moja kwa moja, akabandika sikio kwenye spika. Hakusikia kitu. Mama mzima alicheza akazunguka jukwaa lote, bisibisi mkononi, bila kujali kwamba mfagizi wa ukumbi amesimama mlangoni anamtazama.

Saa kumi ukumbi ulifurika. Fundi alikaa nyuma ya amplifaya, hawezi kutulia kitini kwa furaha. Sikio alipanda akiwa ndani ya suti, akamtupia jicho la pembeni, akainua mkono. Akanyamaza kidogo, kama kawaida yake. Akaendelea kunyamaza. Jasho likamtoka. Mwishowe akatoa sauti, juu mno, na kwaya ikaingia kila mtu na lake. Akawasimamisha. Nyuma kuna waliocheka.

Fundi alitazama haraka: taa inawaka, maikrofoni ziko hai. Kisha akamwona kaka yake ameinamisha kichwa upande wa spika, anatafuta kitu, na akaelewa yote kwa mpigo. Sikio alimjia, akainama.

"Irudishe kama ilivyokuwa," alinong'ona.

"Haina ubovu, kaka. Sauti ya kuanzia ulikuwa ukiitoa kwenye ule mvumo."

Fundi alijua kinachoweza kufuata. Kaka angeishika maikrofoni na kusema mashine imeharibiwa, na ukumbi mzima ungemwamini. Kibanda chake kingekosa mteja kabla ya juma kwisha.

Sikio akairudia maikrofoni. "Jamani, mashine ni nzima kabisa," alisema. "Miaka saba nilidhani ni sikio langu, kumbe ni mvumo wake ndio ulionipa pa kushika, nanyi mkanipa jina. Sasa umeondoka." Akageuka. "Fundi, wewe umeusikiliza kuliko mimi. Tupe sauti."

Kaka hakuwahi kumwita hivyo. Mdogo wake alisimama, akavumisha kwa mdomo uliofungwa, chini kabisa, vile vile mvumo ulivyokuwa. Wanaume wa besi wakaipokea, wakafuata wengine, na wimbo wa taratibu ukatoka, safi, ukasikika mpaka safu ya mwisho, hata pumzi za waimbaji. Sikio aliongoza huku machozi yakimtoka, asiyafute. Na Fundi, ambaye kazi yake ilikwisha kitambo, aliendelea kuvumisha, kwa kuwa alikuwa na furaha mno hata hakuweza kuacha.