Baiskeli Isiyotaka Kiti

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, Mwanza kiliingia kila kitu. Viatu vya mitumba, redio za kaseti, sabuni za rangi zote, sisi ambao zamani tulipangia foleni sabuni ya rangi moja. Ndege kubwa za mizigo zilitua kuchukua minofu ya sangara, tukabaki na vichwa na mifupa, tukakaanga, tukashukuru. Katika yote yaliyoingia, mimi niliangukiwa na kitu kimoja: baiskeli ya titani isiyokuwa na kiti.

Aliyenipa alikuwa Mzungu, fundi wa ndege hizo, ambaye nilikuwa namkatia majani na kumwagilia maua. Kila jioni alisimama juu ya pedeli za ile baiskeli akawa anaruka jiwe hadi jiwe nyuma ya nyumba yake, kama chura aliyevaa kofia ngumu. Nilidhani ni ugonjwa. Siku mkataba wake ulipokwisha alinisukumia baiskeli, akagonga fremu kwa kucha, akasema, "Titani. Kama ndege." Kisha akaonyesha pale ambapo kiti kingekaa, akatikisa kidole. "Kiti hapana. Hapana kabisa."

Nikamwonea huruma. Mtu ana nyumba inayotazama ziwa, ana majokofu mawili, halafu kiti cha baiskeli kimemshinda, na bado ana uungwana wa kuomba radhi. Nikamwambia asijali, kiti nitatafuta mwenyewe.

Niliitaka baiskeli ile kwa kazi moja tu. Nilikuwa nakaa na bibi yangu mzaa mama, Mkolani, juu ya kilima chenye mawe makubwa kuliko nyumba yetu. Bomba la maji lilikuwa chini, barabarani. Magoti ya Bibi yalikuwa yamegoma, na mimi nilishinda kibaruani, kwa hiyo maji ya siku nzima yalikuwa ndoo moja niliyopandisha alfajiri. Mjomba, mwanawe anayelima Sengerema, alikuja siku moja, akachungulia pipa letu la maji, akasikia mwangwi wa kikohozi chake mwenyewe.

"Mama," akasema, "nikimaliza kuvuna pamba narudi. Nikikuta pipa hili liko hivi, tunaondoka wote. Sitaki ubishi."

Bibi hakutaka kuondoka. Babu alizikwa nyuma ya nyumba, na kila jioni Bibi alienda kumpa habari za siku na kumgombeza kwa mambo ya zamani. "Huko Sengerema nitamgombeza nani?" akaniuliza. "Mume wangu, fanya jambo."

Kwetu bibi humtania mjukuu kwa kumwita mume, na ukishaitwa hivyo huna pa kujificha.

"Mke wangu," nikamjibu, "nimepata baiskeli inayopanda mawe."

Fundi baiskeli wa barabarani alikuwa mzee mpole mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono. Nilimpa shikamoo, akaitikia huku akiinyanyua baiskeli yangu kwa kidole kimoja.

"Hii umeitoa wapi? Na nusu yake umeiacha wapi?"

"Ni titani, mzee. Ndege zinatengenezwa kwa hiyo."

Akaleta sumaku ya spika, akaigusisha kwenye fremu. Haikushika. "Si chuma," akahukumu. "Ni bati la sufuria tu. Baiskeli ni uzito, kijana. Hii upepo wa ziwa utaondoka nayo."

Tukakubaliana kuitia uzito.

Keria tulitengeneza kwa nondo za kujengea. Fundi wa gesi akajaribu kuiunga kwenye fremu. Fremu ikageuka bluu, ikageuka zambarau, ikapendeza kama khanga ya sikukuu, halafu keria ikabanduka kama ukoko wa ugali. Fundi wa gesi akavua miwani, akakaa chini. Basi tukabana kwa vibano vya bati la pipa, na juu ya vibano tukazungushia mpira wa tairi la lori, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka titani yenyewe haikuonekana tena. Kiti tulikitoa kwenye baiskeli ya Kichina iliyokufa, tukakisimamisha juu ya kipande cha bomba. Madigadi ya kukinga matope tulikata kwenye debe la mafuta ya kula. Pedeli tulizivika raba ya katambuga, vile viatu vya tairi, maana zilikuwa na meno na mimi nilikuwa naendesha peku. Tukaweka stendi, kengele, na taa isiyowaka. Mchora vibao akaandika kwenye digadi la nyuma: MALI YA BIBI.

Tulipomaliza, fundi alijaribu kuinyanyua, akashindwa. "Sasa ni baiskeli," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi kidogo. Yangu pia. Nilipita nayo sokoni mara tatu bila kununua kitu.

Siku ya majaribio nilifunga madumu mawili ya maji kwenye keria, nikakaa kitini kama karani wa tarafa, nikaliendea jiwe la kwanza. Mzungu akifika kwenye jiwe alikuwa ananyanyua gurudumu la mbele. Langu lilijinyanyua lenyewe. Likaendelea kujinyanyua. Nikaliona ziwa, kisha mawingu, kisha uso wa fundi aliyekuja kushuhudia kazi yake. Madumu yalirudi bombani yakanitangulia.

"Shemeji!" akapiga kelele mama mmoja kwenye foleni ya maji. "Maji tunayapeleka juu, haturudishi!"

"Mwacheni," akasema mwenzake. "Anamwagilia mawe. Huenda yakaota."

Nilijaribu tena kwa dumu moja, kisha kwa nusu dumu. Wiki mbili nzima, kila nilipotaka kuruka, kiti kilinipiga mahali ambapo sitapataja, kwa heshima ya msomaji. Wakati huohuo abiria waliovuka na kivuko cha Kigongo walikuwa wanatuletea habari bila kuulizwa: pamba ya huko ng'ambo, Sengerema, imepasuka vizuri sana mwaka huu. Bibi akaanza kukunja nguo zake. Alizikunja, akazipanga juu ya sanduku, jioni akaenda kwa Babu, akakaa muda mrefu kuliko kawaida bila kumgombeza.

Hilo ndilo lililonichoma. Kesho yake nilipoanguka tena, Bibi alikuwa mlangoni, ananitazama kutoka juu.

"Yule Mzungu wako," akaniita, "alikuwa anapakia nini?"

"Hakuwa anapakia kitu, Bibi."

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Hakuwa anakaa. Alikuwa anasimama."

"Sasa wewe kiti hicho ulikuwa unamwandalia mgeni gani?"

Chini bombani walicheka mpaka ndoo ikafurika. Mimi nilikaa pale juu ya jiwe nikakumbuka kile kidole kilichotikiswa. Kumbe mtu hakuwa anaomba radhi.

Tulifungua kila kitu. Kukata ile mipira kulituchukua siku nzima, na fundi aliondoka na madigadi kwapani kama anayetoka msibani. Tulibakiza pedeli za katambuga tu, na lile doa la zambarau, ambalo halikutoka. Asubuhi iliyofuata nilisimama juu ya pedeli, nikavuta usukani, na baiskeli ikapanda jiwe la kwanza. Nikashtuka, nikaanguka kwa mshangao tu. Mpaka mwisho wa wiki ilikuwa inapanda mawe sita mfululizo, nyepesi kama kuku. Ilikuwa inafika mlangoni kwa Bibi. Ila sasa ilikuwa inafika bila tone la maji.

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka isipokuwa nilichokitaka.

Lakini watu walianza kupanda kuja kutazama. Vijana wa gereji, wauza dagaa, hata fundi wa gesi. Walisimama uani kwa Bibi wakishangilia na kunipa ushauri wa mambo wasiyoyajua. Siku ya tatu Bibi akaja na fimbo yake, akawakagua mmoja mmoja.

"Mnakuja kwangu kumtazama mume wangu mikono mitupu? Ndivyo mlivyofundwa? Kesho anayetaka kutazama aje na dumu. Limejaa."

Nilijua hawatarudi. Walirudi. Mkolani hapakuwa na burudani nyingine ya bei hiyo. Wengine walikuja na ndoo mbili ili wakae mbele. Pipa likajaa, tukaazima sufuria, tukaazima beseni, Bibi akaanza kuoga mara mbili kwa siku kwa maringo tu.

Mjomba alifika Jumamosi, amevaa koti lake la safari, ameshika gunia la kubebea vitu vya Bibi. Pale chini akina mama wa bombani walimzuia.

"Baba, juu huko hapapandwi mikono mitupu. Ndiyo sheria."

"Mimi ni mwanawe!"

"Vizuri. Basi beba ndoo mbili, hizi hapa."

Nilimwona akitokea kati ya mawe, koti limelowa mpaka mifukoni, ndoo mkononi na nyingine begani. Nikampa shikamoo kutoka juu ya jiwe. Aliitikia kwa kuhema. Akatua ndoo, akachungulia pipa, na safari hii akauona uso wake.

"Nani anapandisha maji haya?"

"Baiskeli," Bibi akajibu.

Mjomba akaikagua, juu na chini, akatafuta keria kwa macho. "Mama, baiskeli hii haijabeba hata kikombe."

"Na wewe umefikaje na ndoo mbili, baba? Kila siku ulikuwa unakuja na maneno."

Mjomba akavua koti, akalikamua. Kisha akakaa kungoja mawe sita, kama wengine, maana alikuwa ameshalipia.

Jumapili alirudi kivukoni na gunia lake tupu. Keria ya nondo tuliiegemeza ukutani, Bibi akawa anaanikia vyombo. Kiti cha Kichina nilikipigilia juu ya kisiki, nyuma ya nyumba, kwa Babu, na jioni ile Bibi alikikalia kwa mara ya kwanza. Nilimsikia akianza kumweleza habari za koti la Mjomba, kisha akapandisha sauti: kumbe na yeye Babu, enzi zake, hakuwahi kumpandishia hata ndoo moja.