Jiko la Mkono Mmoja

Jina alilopewa na wazazi wake walilitumia ndugu tu. Wateja walimwita Ngoja Kwanza. Ukimpelekea fundi huyu picha ya kabati na kumwuliza litakuwa tayari lini, hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na kabla hujauliza la pili angetaka kuja kwako aone unavyoishi.

Ufundi hakuusomea popote. Alipofiwa na mumewe, shemeji yake alimpa kazi ya kupiga msasa karakanani, akidhani mwezi hautaisha kabla hajakimbia. Akapiga msasa miaka miwili, vumbi puani, hadi viganja vyake vikaijua mbao kama mama anavyolijua paji la mtoto mwenye homa. Siku moja akasema, "Shemeji, mlango huu utapinda. Mbao bado ina maji." Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. Mvua za mwaka huo hazijakatika, mlango ukapinda, na mwenye mlango akaurudisha kwa makelele. Kesho yake shemeji akamkabidhi randa.

Basi binti mmoja, karani wa ofisi, akamwita nyumbani kwake. Alitaka makabati ya mninga yapande mpaka darini, kama aliyoyaona kwenye simu.

"Ngoja kwanza, dada. Humu anapika nani?"

"Mimi, nikitoka kazini. Zamani alikuwa baba. Amewapikia wanafunzi wa bweni miaka thelathini. Tangu apate kiharusi, mkono wa kulia haufanyi kazi. Nimemwambia apumzike."

"Nimepumzika mpaka nimechoka," ikasema sauti kutoka kwenye kiti kando ya mlango.

Fundi akageuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba chai."

Binti akainuka haraka. Fundi akamshika mkono, akamkalisha. "Nimemwomba mzee."

Chai ile ilichukua muda. Fundi alikaa juu ya ndoo, penseli sikioni, akitazama. Droo ilipovutwa ilikwenda upande ikakwama, na mzee akairudisha kwa nyonga. Kopo la sukari alilibana kwapani ili alifungue. Sufuria ilimkimbia kila alipokoroga. Makabati ya juu hakuyatupia jicho hata mara moja. Chai ilifika nusu kikombe, nusu nyingine ikabaki sakafuni, na ilikuwa tamu kweli. Fundi aliinywa yote, akatoa daftari.

Aliporudi karakanani alifanya jambo lililomchekesha shemeji yake upya. Alichukua khanga, akajifunga mkono wa kulia kifuani, na kwa wiki nzima akavuta droo, akafungua vifuniko na kukata vitunguu kwa mkono wa kushoto. Vitunguu vingi viliishia chini ya meza, kwenye maranda. Lakini kila kilichomshinda alikichora.

Jiko likajengwa kwa chini, hakuna kilichopita bega la mzee. Kila droo ilikuwa na kishikio kirefu toka upande hadi upande, uivute popote ije sawa. Kwenye meza alichimba shimo la duara la kukalia bakuli, lisiende kokote. Ubao wa kukatia aliupigilia misumari miwili, ncha juu, ya kushika kitunguu. Mistari ya mninga aliipanga ifuatane kutoka droo ya kwanza hadi ya nane, kana kwamba mti haujawahi kukatwa. Binti alinuna siku mbili kwa ajili ya ile picha ya kwenye simu. Siku ya tatu alionekana akipapasa mbao zile, akidhani haonwi.

Wiki ya tatu mvua zikaanza, na droo mbili zikagoma. Binti akapiga simu, na fundi akafika na nguo zikimchuruzika maji. Akapitisha kiganja ubavuni mwa droo.

"Ni mvua, sivyo?" binti akasema kwa upole.

"Mvua haina kosa. Ni mimi. Niliona mzee anasubiri, nikaharakisha. Mbao hii ilihitaji mwezi mmoja zaidi wa kukauka." Akaanza kuzitoa droo zote nane.

"Lakini zilizokwama ni mbili tu."

"Hizi sita zinangoja zamu yao."

Alizitengeneza upya zote, kwa mbao iliyokauka, na hakumruhusu shemeji aziguse.

Alipozirudisha na kuzipachika, mzee alimwambia asiondoke. Akachomeka kitunguu kwenye misumari, akakikata vipande vyembamba vya kumtoa mtu machozi. Bakuli likatulia mahali pake. Alipika maharage akiimba kwa sauti mbaya sana, na mara mbili alimfokea fundi kwa kusimama njiani.

Binti aliporudi kutoka kazini alikuta sahani tatu mezani. Akanyoosha mkono achukue mwiko aonje.

"Weka chini," mzee akasema. "Jiko hili lina mwenyewe."

Binti akaurudisha mwiko. Akamtazama fundi. Fundi akamsogezea kiti.

"Kaa, mwanangu," mzee akasema. "Yatapoa."