Kutoka Mukuru Kwenda Kutafuta Kifaransa

Nilikwenda Dandora kwa hasira. Ijumaa mwalimu wetu wa Kifaransa alinisimamisha mbele ya kidato cha tatu nieleze kwetu kulivyo, nikakwama kwenye sentensi ya pili. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akasema atanisikiliza tena Jumatatu, na nikishindwa atanitoa kwenye somo hilo. Mimi nitolewe? Niliulizia mpaka nikaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja wa Dandora, Mama Esperansi, aliyetoka Zaire.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilitoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu. Baba alinisindikiza hadi njia ya kiwanda cha misumari anakofanya kazi. Tulipoachana aliniuliza hicho Kifaransa kitapika ugali lini. Nikamwambia asubiri tu.

Kwenye barabara ya Outering nilikariri insha ile ile ya Ijumaa, niliyoitoa kitabuni neno kwa neno: baba ni daktari, tuna bustani na mbwa mweupe. Kufika Umoja nilikuwa naisema kwa sauti, na wauza mboga za sukuma wiki wakinitazama kama nimerukwa na akili. Shauri yao.

Saa tatu, Dandora, moshi wa jalala ulinipokea kabla ya mtu yeyote. Niliingia kibandani kwa Mama Esperansi nikatua kitabu juu ya cherehani yake. Akakisukuma. Kwao huanzi shughuli kabla ya kumpa mkono kila aliye ndani, basi nikawazungukia wateja wote, hata mtoto aliyebebwa mgongoni. Ndipo akaniuliza kwa Kifaransa ninakaa wapi. Nikaimwaga insha yote bila kukwama. Yeye akawa anatazama viatu vyangu.

"Binti ya daktari," akasema kwa Kiswahili cha kwao, "bustani yenu iko na matope mingi."

Wateja walicheka. Niliona aibu, nikataka kuondoka. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimetembea saa mbili u nusu. Nikamwambia ukweli: misumari, chumba kimoja cha mabati, mama anayefulia watu nguo Buruburu. Akanipa maneno ya Kifaransa ya vyote hivyo. Nilimshikia vitambaa hadi saa nane, akiuliza, nikijibu. Nikikosea, alinyamaza akashona mpaka nijirekebishe.

Njiani nikirudi niligundua kilichonikwamisha Ijumaa. Nilikuwa nimepaonea haya kwetu, na ulimi ukachoka kubeba nyumba ya wenyewe.

Jumatatu nilisimama nikaanza na misumari. Mtu mmoja alicheka, mwalimu akamnyamazisha, akaniuliza swali, kisha jingine, hadi kengele ikalia. Jina langu lilibaki kwenye orodha ya Kifaransa.

Jioni baba aliniuliza niliwaambia nini.

"Kwamba unatengeneza misumari."

"Mbele ya wote?"

"Wote."

Akasogeza kando sahani yake ya ugali.

"Hebu iseme kwa hicho Kifaransa," akasema, "polepole, na mimi niijue."