Wawili Walioitwa Arap Mosonik

Kwetu mwanamume akishatoka jandoni huchukua jina la baba yake na kutanguliza "arap", yaani mwana wa. Mzee akizaa wavulana saba, wote saba watakuwa arap yeye. Kuanzia Sotik hadi Litein huhitaji kumfafanulia mtu jambo hili. Hata ng'ombe wetu wanalijua. Ndugu yangu Bethwel alilijua tangu akiwa mdogo, akalisahau siku moja tu, akiwa ofisini Nairobi huku kiyoyozi kikimpuliza kisogoni. Siku hiyo moja ilitosha.

Babu yetu Mosonik alikuwa na wake wawili. Nyumba kubwa ilimzaa Reuben, baba yetu mimi na Bethwel. Nyumba ndogo ikamzaa Robert msimu huo huo wa mvua. Walichunga pamoja, wakaingia jandoni pamoja, na walipoamua kuwa wanajeshi wakaenda pamoja. Kwenye foleni Baba alisimama mbele, na Robert akasimama nyuma yake akiwa amemshika shati, kwa maana hakuwahi kuona watu wengi vile. Karani akauliza tarehe ya kuzaliwa. Hakuna aliyeijua. Akawapa wote wawili Januari mosi, mwaka mmoja, akaandika R. arap Mosonik, kisha akaandika tena R. arap Mosonik, na kuwapa namba za jeshi zilizofuatana kama walivyofuatana wao. Tofauti ilikuwa tarakimu ya mwisho peke yake. Kambini wenzao waliwaita Mosonik Mrefu na Mosonik Mfupi, na miaka yote waliyotumikia hakuna aliyewahi kuwachanganya.

Kwetu ndugu ya baba ni baba, kwa hiyo Robert tulimwita Baba Robert. Yeye na mkewe, Mama Rebeccah, hawakujaliwa mtoto, na mapenzi yao yote yakatuangukia sisi. Bethwel alipokwenda shule ya bweni, Baba Robert ndiye aliyembebea sanduku begani hadi kituoni. Kwa lafudhi yake ya kwetu, alimwita Pethwel maisha yake yote. Bethwel alikuwa akiona haya akiitwa hivyo mbele ya wenzake, nami nilikuwa nikimwita hivyo makusudi ili nimkasirishe.

Bethwel si mwanajeshi. Ni raia aliyesomea kompyuta akaajiriwa na idara moja ya jeshi inayotunza kumbukumbu za wastaafu. Idara ilipoamua kuacha makaratasi, yeye akateuliwa kusimamia kazi nzima. Nataka nimtendee haki: ndugu yangu ni mtu mwema. Faili za idara zilikuwa zimeliwa na panya. Wajane walitoka Kipkelion na Mulot na watoto mgongoni, wakaambiwa faili haipatikani, warudi mwezi ujao. Wakati huo huo walikuwepo wastaafu hewa, watu waliozikwa zamani ambao wajanja walikuwa wakila pensheni zao na kutibiwa kwa majina yao kwa karatasi za uongo. Bethwel aliwachukia wajanja hao kuliko kitu kingine chochote. Mfumo mpya akauita Safi.

Krismasi hiyo alitueleza akiwa ameshika mguu wa kuku. "Mtu akishaandikwa kwa Safi kwamba amekufa, imeisha. Hakuna bosi wa kumfufua. Hakuna jenerali. Hata mimi siwezi. Na mtu wa idara hawezi kugusa jina la jamaa yake, hata kidogo. Na Safi inaongea na ofisi zingine zote za serikali, kwa hivyo hakuna pa kujificha."

Baba Robert akacheka hadi akakohoa. "Kwa hivyo hata Yesu hawezi pita kwa hiyo kompyuta yako, Pethwel?"

Tulicheka sote. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kabla ya kuhamisha majina ilibidi yasafishwe. Mhandisi wa kampuni iliyopewa kazi, Phelix Okemwa, alimwendea Bethwel na orodha. "Bosi, hawa wameandikwa mara mbili. Jina moja, siku ya kuzaliwa moja, namba imekosewa tarakimu moja. Ni makosa ya kuandika tu. Tuwaunganishe?"

Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshatangazwa. Mahema yalikuwa yamekodishwa na wakubwa wamealikwa. Bethwel aliiangalia orodha ikipanda kwenye kioo, jina baada ya jina, akachoka. Akasema, "Unganisha." Okemwa ni Mkisii, kwao hakuna arap, naye simlaumu. Namlaumu mwenye arap. Mmoja tu katika chumba kile alijua kwamba ndugu wawili wa kwetu wanaweza kuwa na jina moja, Januari mosi moja na nafasi mbili zinazofuatana kwenye foleni, naye alikuwa akiwaza mahema.

Mwezi wa mavuno baba yetu akafariki. Bethwel hakutaka mtu aseme kwamba msimamizi wa Safi anaficha mstaafu hewa nyumbani kwake. Kabla hata hatujamaliza kupokea wageni wa matanga, alikuwa ameshapeleka taarifa ya kifo idarani, akapanga foleni kama mwananchi yeyote. Nilimwona mkavu wakati ule. Alinijibu kwamba hivyo ndivyo Baba angetaka, na kweli Baba angetaka hivyo.

Baba Robert alikuwa mgonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali ya wastaafu wa jeshi kusafishwa damu, akaniagiza kila mara nimwangalizie majani yake ya chai yasikomae. Wiki ya kwanza baada ya mazishi nilimsindikiza. Muuguzi wa pale, Esnah Bonareri, alipitisha kadi kwenye mashine, akaipitisha tena, akashusha sauti.

"Mzee, hii kadi inasema mwenyewe ameaga."

"Asante, binti," Baba Robert akasema. "Tulimzika Ijumaa. Alilala vizuri."

"Hapana, Mzee. Inasema ni wewe."

Alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe. Nilimpigia Bethwel pale pale. Kabla sijamaliza kusema nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta, akilitafuta jina. Ndugu yangu alikuwa ameelewa kila kitu.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Bethwel aliweza kuliona jina hilo. Alikaa mbele ya kompyuta yake akawaona baba zake wawili wamekuwa mtu mmoja, na mtu huyo amekufa. Lakini hakuweza kuligusa, kwa sababu ni jamaa. Kumtenganisha mtu kulihitaji kamati ya ofisi tatu, na kiti kimoja cha kamati kilikuwa wazi kwa kuwa ofisa wake alihamishwa na hakuna aliyeteuliwa. Ombi lenyewe lilihitaji alama za vidole za mlalamikaji, na mashine ya vidole haikupokea vidole vya maiti. Alikwenda kwa mkubwa wake. Mkubwa akamwambia kwa upole kabisa, "Bethwel, si ni wewe ulitufundisha hakuna wa kufufua?"

Tulimpeleka mzee hospitali nyingine, za raia. Kote waliomba kitambulisho, na kitambulisho kikajibu kwamba mwenyewe ni marehemu. Bethwel alijivunia kwamba Safi inaongea na ofisi zingine. Iliongea kweli, tena haikunyamaza. Ikabaki kliniki ya mtu binafsi Kericho, isiyouliza mengi mradi ulipe. Tukapeleka ng'ombe sokoni Ndanai, mmoja, kisha mwingine. Kanisa likatuchangia. Mara mbili kwa wiki ikawa mara moja, kisha ikawa siku tukipata. Miguu ya mzee ikavimba, akaacha kuvaa viatu, akawa anakaa barazani akitazama chai yake ikikomaa, maana sikuwa na muda wa kuichuma.

Nilimwambia ndugu yangu, "Ivunje hiyo kitu. Iba nywila ya mtu. Fanya dhambi mara moja maishani mwako."

"Nikifungua mlango kwa mmoja, Nelvine, wezi wote wataingia."

"Huyu si mmoja. Huyu ni baba yako."

Nilitamani kumpiga, na ningempiga kama asingekuwa amekonda vile.

Jumamosi moja alikuja nyumbani, akaketi chini kwenye gunia la chai karibu na miguu ya mzee. Nilikuwa pale napepeta maharagwe.

"Pethwel," mzee akasema, "kwani huwezi fungua tu?"

"Siwezi, Baba. Nilitengeneza isifunguke."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi ulitengeneza vizuri. Hao wezi walikuwa wamezidi."

Hakusema kwa kejeli. Hakuijua kejeli mzee yule. Bethwel akainamisha kichwa kwenye gunia akalia kwa sauti, mtu mzima, hadi mbwa akaja kumnusa. Mzee akamwekea mkono kichwani. "Wacha, wacha. Siku ile kwa laini nilikuwa nyuma ya Reuben nimeshika shati. Ona, bado sijaachilia."

Jumatatu Bethwel alijaribu. Nataka hilo lijulikane. Alichukua nywila ya msaidizi wake, akaingia, akafika hadi kwenye jina. Safi ikagundua kwamba kompyuta ni ya jamaa wa mhusika, ikafunga, ikamfungia nje na yeye. Aliniambia kwa simu, na katika sauti yake nilisikia, Mungu anisamehe, kitu kidogo kama fahari. Halafu kikafa. Tangu siku hiyo sijasikia kitu chochote katika sauti yake.

Baba Robert alifariki asubuhi, Mama Rebeccah akiwa jikoni anamsongea ugali laini, ule tu aliokuwa bado anaweza kuumeza. Alipotoka na sahani akamkuta ameinama kama anayetafuta kitu sakafuni. Aliiweka sahani chini polepole, akaifunika, kana kwamba mzee angekula baadaye.

Hakukuwa na tarumbeta ya jeshi wala bendera, maana R. arap Mosonik alikuwa ameshapigiwa tarumbeta yake. Tulimzika kando ya Baba. Na ofisi ya vyeti vya vifo ikatuambia kwamba haiwezi kuandika kifo cha mtu mara mbili.

Kiti kilichokuwa wazi kikapata ofisa baadaye, ombi likapokelewa kwa vidole vya Mama Rebeccah, kamati ikakaa, na jibu likaja. Bethwel alilileta mwenyewe. Mama Rebeccah alikuwa amelingoja kwa namna ya kunitisha. Hakutaka bendera tena, wala hakutaka tumshtaki mtu. Alitaka jambo moja, waandike kwamba mumewe alikuwa hai. Alivaa sare yake ya akina mama wa kanisa ili asomewe jibu hilo.

Bethwel alisoma akiwa amesimama. Ombi limefungwa. Imethibitishwa kwamba mhusika amefariki. Kumbukumbu inalingana na hali halisi, hivyo hakuna marekebisho yanayohitajika.

"Maana yake nini?" Mama Rebeccah akauliza.

"Wanasema, Mama, kwa kuwa sasa amekufa kweli, hakuna kosa la kurekebisha."

"Na siku? Wameandika alikufa siku gani?"

Bethwel aliikunja karatasi mara nyingi hadi ikawa ndogo sana.

"Ile ya Baba Reuben, Mama. Siku ile ile."

Mama Rebeccah akageuka akatazama jikoni kwake, mlango ukiwa wazi, sufuria ndogo ya mzee bado imefunikwa juu ya jiwe.

"Sasa hiyo miezi yote," akauliza, "nilikuwa napikia nani?"