Salamu ya Mfiwa

Nikiwa mdogo, kule Temeke kulikokuwa bado na mikorosho na vichaka, siafu waliingia nyumbani kwetu mchana kweupe. Mama akatutoa, tukakaa nje na kuku, tunasikiliza. Siafu hawana kelele. Utasikia panya wanahangaika kwenye makuti, halafu hata hao wananyamaza. Mama yangu maandazi yake yalijulikana mpaka Keko, lakini tuyaache hayo. Nasema ule ukimya. Sikuusikia tena mpaka nimeshaoa, askari wa vita vya Bama, vile vya kupigana na Mjapani, wamesharudi, na niliusikia msikitini.

Tuligombana kwa jambo moja: ukishasali Ijumaa, usali na adhuhuri, au Ijumaa inatosha? Wa adhuhuri wakawaita wenzao wavivu, nao wakawaita hawa wazushi. Wakasusiana harusi. Siku moja tukaukuta mkeka mkubwa wa msikiti umekatwa katikati kwa kisu, wala hakuna aliyeuliza nani. Watu wakaanza kuja kusali na mapanga, ati wanapitia shamba.

Jirani yangu, seremala, mtu wa bara asiye na ndugu mjini, alitaka kusilimu. "Nikifa hapa nani atanizika?" Ijumaa ile ndiyo angetamka shahada. Aliniita mwalimu kwa utani, mie niliyeishia kwenye herufi. Nilimfundisha salamu, nikamwambia kuijibu ni faradhi.

"Hata ya mtu mliyegombana?"

"Hata yake."

Jumatano akafariki mke wa mzee mmoja wa upande wa adhuhuri. Jeneza lilikuwa msikitini, na ufunguo wanao wale wa upande wa pili. Tukafuatana na mfiwa, mie na seremala, yeye kajitwika mbao alizoranda za kufunikia maiti kaburini. Barazani pa msikiti wamekaa wanaume wa upande huo, mapanga mapajani.

"Asalamu alaikum," akasema mfiwa.

Kimya. Mmoja anavuta tasbihi, macho chini.

"Asalamu alaikum, jamani. Nimefuata jeneza."

Kimya kilekile cha siafu. Kisha mmoja akacheka: "Nyie si mnasali mara mbili? Basi na huyo mzikeni mara mbili."

Seremala akanigeukia. "Mwalimu, salamu hii si ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Na huyo Mungu aliyeifaradhisha, hawa wanamjua?"

"Funga mdomo, kafiri!" Panga likagonga sakafu.

"Nimefunga, bwana. Nilikuwa nakuja kwenu nipate wa kunizika."

Tukarudi, maiti tukamtoa nyumbani kwa kitanda cha kamba, watu wachache, tunageuka nyuma kila hatua. Seremala alibeba mbao zake mpaka makaburini, akazitua taratibu kando ya shimo. Mfiwa akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Ijumaa tutakuona?"

Akavua kofia niliyompa, akaiweka juu ya mbao, akashika njia ya Kibamba kuelekea kwao bara. Hakugeuka, wala hakurudi.