Aliyeshuka kaburini kumzika baba ndiye ninayemkagua kazini

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana hapa Temeke hata paka akizaa mtaa mzima unajua. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, sina mume, naishi na mama. Kazi yangu haipendwi na mtu: natumwa kukagua mifumo ya kompyuta ambayo serikali inatengenezewa. Siijengi mie. Naangalia kama inafanya kazi kweli, naandika ripoti, basi.

Safari hii nimepewa mfumo wa zahanati. Timu inaujenga vipande vipande, kila baada ya wiki mbili wanaonyesha walichomaliza, wakubwa wanapiga makofi, tunakula pilau. Kiongozi wao nitamwita Idi, si jina lake. Mcheshi huyo, ananiita sista, na mie nikajisahau nikawa kama mmoja wao.

Kisha baba akafariki. Kwetu tumezaliwa wasichana watupu. Idi akaja na timu yake yote, wakafunga turubai, wakabeba jeneza, na yeye akashuka kaburini kumpokea baba kama mtoto wa kumzaa. Tangu siku hiyo mama anamwita mwanangu. Nilimshukuru, namshukuru hadi leo, na ndicho kinachoniuma.

Maana mfumo wake mbovu, jamani! Nilikwenda kuujaribu zahanati yenyewe. Mtandao ukikatika katikati ya kazi, ukirudi, dawa za mgonjwa aliyetoka zinaandikwa kwa anayefuata. Nikamwonyesha Idi akaona kwa macho yake. "Sista, tunarekebisha wiki mbili zijazo." Zikapita, wakaonyesha rangi mpya za skrini, makofi. Nikauliza tena. "Wiki mbili zijazo, sista, punguza presha." Na kwenye maonyesho yao mtandao hauwezi kukatika, wanafanyia ofisini Kinondoni, kwenye kiyoyozi!

Juzi nikamwambia naandika kwamba mfumo usiwashwe. Akasema taratibu, "Kumbe nilishuka kaburini kwa ajili ya mtu asiye na shukrani. Hawa wenzangu wana mikataba ya muda, wote unawarudisha nyumbani. Sawa." Nilikwenda chooni nikalia, tena si kwa huzuni, kwa hasira! Nani alimwambia mazishi ni rushwa?

Hakuishia hapo, akampigia mama simu. Nafika nyumbani namkuta kavimba. "Mwanangu kakukosea nini mpaka unataka amwage unga? Ukimuumbua, nikifa usikanyage msibani kwangu." Toka hapo nikipika mie hali. Nikimweleza habari ya dawa kuchanganyika ananikata, "Idi msomi, anajua anachofanya."

Bosi naye anasema kama naona vigumu, ripoti nimwachie mwenzangu. Huyo mwenzangu namjua, hajawahi kukataa pilau ya mtu. Akiandika yeye, Jumatatu mfumo unawashwa, na zahanati ya kuanzia ni hii ya mtaani kwetu.

Ndugu zangu, nyie mnaosoma, msinitukane, nielekezeni tu. Nimwachie mwenzangu nipate amani nyumbani, au niandike ukweli mama aninunie mpaka anakufa? Yeye ana sukari, kliniki yake ni Jumanne, hapo hapo. Keshapiga pasi gauni lake, anasema anakwenda kuuona mfumo wa mwanawe.